Gimlet ya nyumbani kwa ndimu za kwetu

Gimlet ni kokteli ya vitu viwili: gini na sharubati nzito ya ndimu. Hutikiswa pamoja kwenye barafu hadi joto lishuke chini ya sifuri, kisha huchujwa kwenye glasi ndogo na kunywewa kabla haijapata joto. Kwa kuwa viambato ni viwili tu, kasoro haina pa kujificha. Sharubati ikiwa mbovu, kinywaji kitakuwa kibovu hata kama gini ni ya bei kubwa. Kwa hiyo sehemu ndefu ya maelezo haya ni ya sharubati. Kutikisa ni kazi ya sekunde kumi na mbili.

Kinywaji hiki asili yake ni melini. Mwaka 1867 Lauchlan Rose, mfanyabiashara wa Leith huko Scotland, alisajili hataza ya namna ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari badala ya kileo. Mwaka huohuo sheria ya Uingereza ililazimisha mabaharia wa meli za biashara wapewe maji ya ndimu au ya limau ili wasipatwe na kiseyeye. Maafisa wa jeshi la majini walikuwa na gini yao, na hivyo viwili vikakutana. Ndimu za kampuni ya Rose zilitoka Karibi, hasa kisiwa cha Dominica. Zilikuwa ndogo, za mviringo, zenye ganda jembamba, mbegu nyingi na harufu kali. Hizo ndizo ndimu zinazopangwa kwa mafungu sokoni Tanga, Unguja na Mombasa. Mhudumu wa baa wa Ulaya kwa kawaida hupata ndimu kubwa zisizo na mbegu, nzuri kwa macho lakini harufu yake ni pungufu. Kwa Gimlet, aliye karibu na soko la pwani ana tunda bora kuliko yeye.

Kuchagua ndimu

Tafuta ndimu zenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 5, nzito mkononi, ganda laini linalong'aa. Ganda lililokunjamana au gumu ni dalili kwamba maji yameshakauka. Za kijani zina mafuta mengi zaidi kwenye ganda, na zilizoanza kugeuka manjano zina maji mengi zaidi. Changanya zote mbili, ukwaruze ganda la zile za kijani na ukamue zote. Limau, lile refu la manjano, halifai hapa: litakupa sharubati nzuri, ila ya kinywaji kingine. Bara, ambako mara nyingi jina la ndimu hutumika kwa matunda yote mawili, amua kwa umbo na harufu wala si kwa jina analolitaja muuzaji.

Kama ndimu zimetoka dukani zikiwa na mng'aro wa nta, zimwagie maji ya moto na uzisugue kwa kitambaa. Nta ikibaki, itaingia kwenye sukari pamoja na mafuta ya ganda.

Sharubati

Kwa chupa ya karibu mililita 400, inayotosha Gimlet 16 hivi:

ndimu ndogo 12
sukari nyeupe gramu 250
maji mililita 120
juisi ya ndimu iliyochujwa mililita 120 (kutoka ndimu hizohizo 12, ukipungukiwa, ongeza ndimu)
asidi ya sitriki gramu 15, yaani vijiko vya chai 3 vilivyosawazishwa

Asidi ya sitriki ni zile chembechembe nyeupe ambazo wengi huziita unga wa ndimu, na hupatikana kwenye maduka ya viungo na ya vifaa vya kuokea. Hakikisha ni ya chakula. Kazi yake ni kuinua ukali ili ulingane na sukari nyingi kiasi hicho. Juisi peke yake haifikii, kwa sababu ukiiongeza unaongeza na maji. Sukari iwe nyeupe kabisa. Ile yenye ukahawia tunayotia kwenye chai huleta ladha ya miwa inayofunika harufu ya ganda.

Osha ndimu, zifute zikauke, kisha kwaruza ganda kwa upande wa greta wenye matundu madogo kabisa. Chukua rangi ya kijani tu na usimame ukiona weupe. Ganda la ndimu zetu ni jembamba sana, kwa hiyo pitisha mara moja na uzungushe tunda. Ukirudia palepale umeshafika kwenye weupe, na weupe ndio uchungu. Huna greta? Menya vipande vyembamba kwa kisu kikali na ukwangue weupe unaobaki nyuma.

Tia ganda kwenye bakuli la sukari na usugue kwa vidole kwa dakika mbili au tatu. Sukari itaanza kuwa na unyevu na kushika rangi ya kijani hafifu. Sukari huvuta mafuta ya ganda, na mafuta hayo ndiyo yanayotofautisha sharubati na juisi iliyotiwa sukari. Funika, uache kwa saa 3 hadi 4 mezani, au usiku kucha kwenye friji. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka, halafu hulalamika kwamba Gimlet yao inafanana na maji ya ndimu ya kawaida.

Chemsha maji, yaepue na uyaache dakika tano. Pima mililita 120, mimina juu ya sukari na ukoroge hadi iyeyuke yote. Tia asidi ya sitriki na ukoroge tena. Sasa subiri. Juisi isiingie hadi shira hiyo ipoe kiasi cha kuweza kushika bakuli kwa mikono bila shida. Juisi ya ndimu ikipata moto mkali hupoteza harufu mbichi na kubaki na ladha ya kitu kilichopikwa, na hakuna njia ya kuirudisha. Kwa sababu hiyohiyo usichemshe sharubati nzima jikoni, hata kama unadhani itadumu zaidi.

Kamua ndimu wakati huo, wala si jana yake. Zibingirishe mezani kwa kiganja kwanza, kata katikati, kamua bila kusokota mpaka ganda lipasuke, na uchuje mbegu. Changanya na shira, acha dakika 20 pamoja na ganda, kisha chuja kwa kitambaa safi au chujio la tui. Kamua kitambaa kwa upole. Usiliache ganda ndani hadi kesho ukidhani harufu itazidi, kwa maana baada ya muda kinachozidi ni uchungu.

Weka kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, andika tarehe, hifadhi kwenye friji. Hudumu wiki tatu. Wiki ya kwanza ndiyo bora kabisa. Baadaye rangi huelekea manjano ya kahawia na harufu hupungua, ingawa bado inanyweka. Ukiona mapovu, ukifungua chupa ikatoa hewa, au ikinuka hamira, imwage.

Ukikosa asidi ya sitriki, badilisha hesabu: ganda lilelile, sukari gramu 180, juisi mililita 240, maji usitie kabisa. Sukari itayeyuka kwenye juisi bila moto ukikoroga kwa subira. Utahitaji ndimu nyingi zaidi, pengine 20 au zaidi, na sharubati hii ikae siku saba tu. Ladha yake ni laini na mbichi zaidi, na wako wanaoipenda kuliko ile ya kwanza.

Jambo moja la usalama ambalo watu wa jua kali hawapaswi kulipuuza: mafuta na juisi ya ndimu vikibaki kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huunguza. Malengelenge huweza kutokea siku inayofuata au ya pili, na alama nyeusi hubaki kwa wiki nyingi. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kutoka nje, na usikamulie ndimu uani mchana wa jua.

Gini

Gini hupata harufu yake kuu kutoka kwa beri za mreteni. Inayofaa zaidi hapa ni aina ya London dry, yaani isiyotiwa sukari wala ladha baada ya kukenekwa. Jina hilo linahusu namna ya kutengeneza, kwa hiyo si lazima itoke London. Tafuta kileo cha asilimia 40 au zaidi kidogo. Barafu itaongeza maji mengi, na gini ya asilimia 37.5 hubaki dhaifu kiasi, ingawa bado inafaa ukipunguza muda wa kutikisa.

Uganda Waragi isiyotiwa ladha za matunda hufanya kazi vizuri na hupatikana karibu kote Afrika Mashariki. Konyagi ina asilimia 35. Ukiitumia, tia sharubati mililita 20 badala ya 25 na utikise kwa sekunde 8, la sivyo utapata kinywaji kitamu na chepesi mno. Gini za waridi na zile zenye ladha ya matunda ziache kando, kwa kuwa nyingi zimeshatiwa sukari na hesabu yote itaharibika.

Mreteni ni ndugu wa mtarakwa wa milima yetu, na huenda mtu akashawishika kuloweka beri za mtarakwa kwenye chupa ili kuongeza harufu. Asifanye hivyo. Beri za gini ni za spishi nyingine, Juniperus communis, na si kila mti wa ukoo huo unafaa kuliwa.

Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya kodi, na uihakiki kwa simu: Tanzania kuna programu ya Hakiki Stempu ya TRA, Kenya kuna Soma Label ya KRA. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na hutaitambua kwa kuonja wala kwa kunusa. Ndimu haiiondoi. Gongo na chang'aa visiingie kabisa kwenye glasi hii.

Barafu

Barafu ni kiambato cha tatu ambacho hakihesabiwi. Karibu theluthi ya Gimlet utakayokunywa ni maji yaliyotoka humo, kwa hiyo maji ya barafu yawe yale ambayo ungeyanywa yenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya mitaa mingi ya Dar es Salaam, hutoa barafu yenye chumvi. Maji ya bomba yenye klorini hutoa barafu yenye klorini. Barafu pia hushika harufu: trei iliyokaa wiki mbili karibu na samaki au vitunguu itakupa kinywaji kinachonuka friza. Gandisha maji ya kunywa, na vipande vikishakuwa tayari vihamishie kwenye mfuko unaofungwa vizuri.

Vipande viwe vikubwa na vikavu, vimetoka friza wakati huohuo. Barafu iliyokaa mezani hadi ikang'aa ina maji juu yake, na maji hayo huingia kwenye kinywaji kabla hayajapoza chochote. Barafu ya mfuko wa dukani iliyoanza kuyeyuka njiani imwage kwanza kwenye chujio, uikung'ute.

Na usiibanie. Watu hutia vipande vitatu wakiogopa kuzimua kinywaji, kumbe ndivyo wanavyokizimua. Vipande vitatu huyeyuka haraka, na kinywaji hupata maji mengi bila kufikia baridi inayotakiwa. Vipande nane vya trei ya kawaida, karibu gramu 160, hushusha joto haraka na vingi hubaki vizima.

Kuchanganya

Weka glasi kwenye friza dakika 20 kabla. Glasi iwe ndogo, ya mililita 150 hivi. Glasi kubwa ya mvinyo itafanya kinywaji kienee na kupata joto.

Kwa glasi moja:

gini mililita 60
sharubati ya ndimu mililita 25

Pima kweli. Tofauti ya mililita 5 za sharubati inasikika mdomoni. Toti za baa hazilingani, nyingine ni 25 na nyingine 30, kwa hiyo jaza yako maji na uipime kabla ya kuiamini. Kifaa rahisi na sahihi ni sirinji mpya ya mililita 20 isiyo na sindano kutoka duka la dawa. Kwa vijiko vya kupimia, gini ni vijiko vikubwa 4, na sharubati ni kijiko kikubwa 1 na vya chai 2. Vijiko vya mezani havifai, kwani kila kimoja kina ujazo wake.

Mwaka 1930 Harry Craddock wa hoteli ya Savoy, London, alichapisha Gimlet ya nusu kwa nusu. Kipimo hicho kina historia, ila kwa sharubati hii ni kitamu kupita kiasi na gini haisikiki. Ukitaka kuonja, anza na 50 kwa 30 kabla ya kufika huko.

Mimina gini na sharubati kwenye sheka, yaani chombo chenye kifuniko cha kutikisia vinywaji, kisha barafu, funga, utikise kwa nguvu sekunde 12. Barafu isafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kutingisha kwa upole huku ukizungumza hakutoshi. Sheka ya chuma itafanya ukungu kwa nje na kuuma vidole kwa baridi, na hapo imeiva. Kinywaji kimeshashuka chini ya sifuri bila kuganda, kwa sababu kileo na sukari huzuia kuganda.

Usipokuwa na sheka, chukua chupa ya maji ya mdomo mpana yenye kifuniko kisichovuja, au themosi ndogo ya chuma isiyonuka chai. Chupa ya jemu hufaa pia, lakini isiwe imetoka kuoshwa kwa maji ya moto, maana kioo chenye joto kikikutana na barafu hupasuka mikononi. Usitikise kitu chochote chenye gesi ndani ya chombo kilichofungwa.

Chuja kupitia chujio la chai ili vipande vidogo vya barafu visiingie. Kata kipande chembamba cha ganda la ndimu, kikunje juu ya glasi ili mafuta yarukie kinywaji, kisha kitumbukize au kitupe. Kunywa kabla ya dakika kumi kupita.

Mara ya kwanza, fanya kipimo kimoja cha ziada: mimina Gimlet iliyochujwa kwenye jagi la vipimo. Uliingiza mililita 85, na inapaswa kutoka kati ya 120 na 130. Chini ya 115, hukutikisa vya kutosha au gini ilitoka friza, na kinywaji kitachoma koo. Zaidi ya 140, barafu ilikuwa na maji au ilikuwa kidogo. Jambo la gini ya friza linawachanganya wengi: ikiwa baridi sana huyeyusha barafu kidogo, maji yanapungua, kinywaji kinakuwa kikali. Ukipenda kuihifadhi humo, ongeza vijiko vya chai 2 vya maji kwenye sheka.

Ikitoka tamu, usipunguze sharubati kwanza. Ongeza kijiko cha chai kimoja cha juisi mbichi ya ndimu kwenye sheka inayofuata, kwani mara nyingi kinachopungua ni ukali. Ikitoka kali ya kukunja uso, ndimu zilikuwa changa. Ongeza gramu 20 za sukari kwenye chupa ya sharubati na ukoroge. Uchungu unaobaki nyuma ya ulimi umetoka kwenye weupe wa ganda au kwenye ganda lililolowekwa mno, nao hautibiki. Sharubati hiyo itumie kwenye maji ya kunywa, ambako haitasikika sana.

Kwa wageni

Ukiwa na watu wanane, usitikise mara nane. Kwenye chupa ya lita moja changanya gini mililita 480, sharubati 200 na maji safi ya kunywa 280. Maji hayo yanachukua nafasi ya barafu iliyoyeyuka, na bila hayo kila glasi itakuwa kali kupita kiasi. Weka kwenye friza saa 2 hadi 3, ukitikisa chupa mara moja katikati, kisha mimina moja kwa moja kwenye glasi zilizopozwa. Isilale humo. Kwa kiwango hiki cha kileo huanza kugeuka uji wa barafu, na chupa iliyojaa huweza kupasuka.

Waambie wageni wanachokunywa. Gimlet moja ya gini ya asilimia 40 ina karibu gramu 19 za kileo halisi, nayo hushuka kwa urahisi kwa kuwa ni baridi na tamu. Anayeendesha gari asipewe, na aliye chini ya miaka 18 asipewe.

Joto la pwani likizidi, Gimlet ndefu ni bora kuliko fupi: gini mililita 45, sharubati 25, glasi ndefu iliyojaa barafu, kisha maji ya soda, yaani maji yenye gesi yasiyo na sukari wala ladha, mililita 100, ukoroge mara moja tu ili gesi isitoroke. Na kwa wasiokunywa pombe, sharubati hii haihitaji gini ili iwe kinywaji cha heshima. Mililita 30 kwa 150 za maji ya soda au maji baridi, barafu nyingi, na kipande cha ganda kilichokunjwa juu ya glasi kama kwa wengine. Iandae kwa sheka na chujio ambavyo havijaguswa na gini, na chupa ya sharubati ya kuwapa iwe ile ambayo haikuchanganywa na chochote.